Wifi haionekani, au inasoma full ila haifungui: kutibu AP ya Cisco kwa kuandika amri

Hii ni kwa yule aliyeshika AP (access point, kifaa cha kurusha wifi) ya Cisco Aironet ya mtumba, iwe 1140, 2600 au 2700, anataka kuifunga kwenye gesti ya Raskazone au stesheneri ya Ngamiani hapa Tanga, hana kontrola (mashine ya kuongoza AP nyingi kwa pamoja) wala hana mpango wa kununua kontrola, ana laptopu na waya wa konsoli basi. Mashine zenyewe ngumu, hazifi ovyo, ila zinakuja redio zimezimwa na zinataka uongee nazo kwa kuandika, na mafundi wengi wakiona skrini nyeusi wanakimbilia kitufe cha kureseti. Tusianzie huko. AP ya Cisco ikiwa na shida huwa inaisema yenyewe kwenye logi, tena kwa maneno yanayoeleweka, we kazi yako kusoma kabla hujagusa kitu.

Mpangilio wangu ni huu: umeme, redio, jina la mtandao, pasiwedi, IP, kasi mwisho kabisa. Mteja akipiga simu atakwambia "wifi mbovu", na hilo neno linabeba yote sita, kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gesti ni moja: "Dada, jina la wifi kwenye simu unaliona au hulioni kabisa?" Akisema halioni, usihangaike na rauta wala bando, shida iko kwenye AP. Akisema "linaonekana kaka, imejaa, ila haifungui kitu", hapo AP inaweza kuwa nzima kabisa na shida iko nyuma yake.

Skrini nyeusi, au imejaa takataka

Waya wa konsoli ni ule bapa wa bluu, upande mmoja kichwa kama cha neti, upande wa pili unaingia kwenye adapta ya USB. Kwenye PuTTY (programu ya kuongea na konsoli kwenye Windows) chagua Serial, spidi 9600, data biti 8, pariti hamna, stopu biti 1, floo kontrol weka None. Ukiacha floo kontrol kama ilivyo, wakati mwingine utasoma maandishi vizuri ila ukiandika hayaendi, na hapo mtu anasema AP imekufa kumbe haimsikii tu. Ukiona herufi za ajabu ajabu, spidi haijakaa 9600. Kwenye Linux ni

```
screen /dev/ttyUSB0 9600
```

ikikataa kwa kusema huna ruhusa, jiingize kwenye grupu la dialout, toka uingie tena.

Skrini ikibaki nyeusi bonyeza Enter, AP inasubiri tu. Bado nyeusi? Chungulia tundu la konsoli kwa tochi ya simu. Huku pwani AP iliyokaa barazani inaangalia bahari, pini zinaota kutu ya kijani, na waya ukiingia hapo haugusi kitu. Zima umeme, sugua kwa brashi laini ya meno na spiriti, acha ikauke, jaribu tena. Na tundu la neti nalo liangalie hivyo hivyo, mana kutu ya konsoli inakusumbua wewe fundi tu ila kutu ya neti itamsumbua mwenye nyumba miezi yote.

Ukipata `ap>` andika `enable`. Jina ni Cisco na pasiwedi ni Cisco, C kubwa zote mbili, ukiandika c ndogo inakataa. Kama mwenye wa zamani aliweka yake, hapo ndo kitufe cha Mode kinahusika: chomoa umeme, shikilia kitufe, chomeka, taa ikigeuka rangi ya machungwa (sekunde moja mbili tu) achia. Inarudi ilivyotoka kiwandani. Usikae nayo hadi taa iwe nyekundu, hiyo ni kazi nyingine, tunakuja nayo sasa hivi.

Inakataa `configure terminal`, inamuita mtu asiyekuwepo

Hili ndo linaloua watu wa mtumba. Umeingia vizuri, `enable` imekubali, ukiandika `configure terminal` inakwambia haijui unachosema, na kila baada ya muda skrini inatapika mistari yenye CAPWAP na jina `CISCO-CAPWAP-CONTROLLER`. AP hiyo haina ubovu wowote. Imewekewa programu ya kuishi chini ya kontrola, na inaitafuta kontrola ya ofisi ilikotoka, haitaacha kuitafuta.

Hakikisha kwa `show version`, tafuta jina la faili la programu. Ukiona `k9w8` ndani yake hiyo ni ya kontrola, ukiona `k9w7` hiyo inajitegemea na ndo tunayoitaka. Na kabla hujanunua kabisa geuza AP usome kibandiko cha nyuma: AIR-LAP na AIR-CAP zilitoka kiwandani za kontrola, AIR-AP (kwa hizi za zamani) na AIR-SAP zinajitegemea. Kibandiko hakibadiliki mtu akibadilisha programu, kwa hiyo `show version` ndo shahidi wa mwisho. Ila ukiuziwa 1815, 2800 au 3800, hizo hazina k9w7 kabisa, zina mfumo mwingine, kwa hiyo kama muuzaji anakwambia "utabadilisha tu programu bosi" kwa hizo, rudisha hela mfukoni.

Kuigeuza kuwa ya kujitegemea sio ngumu, inagoma kwa vitu vidogo vidogo. Laptopu ipe IP 10.0.0.2, maski 255.255.255.0, washa seva ya TFTP (programu ndogo ya kugawa mafaili kwa waya wa neti), weka faili la k9w7 kwenye folda yake. Chomoa umeme wa AP, shikilia Mode, chomeka, na safari hii kaa nayo sekunde 20 hadi 30 mpaka taa iwe nyekundu, achia. AP inajipa 10.0.0.1 na inaanza kupiga kelele kutafuta faili. Konsoli iwe wazi mbele yako wakati wote, mana itaandika kitu kama hiki:

```
image_recovery: Download default IOS tar image tftp://255.255.255.255/ap3g2-k9w7-tar.default
```

Hilo jina la mwisho ndo jina la faili inalolitaka, herufi kwa herufi. 2600 na 3700 zinataka `ap3g2-k9w7-tar.default`, 1140 inataka `c1140-k9w7-tar.default`. Faili ulilopakua lina jina refu lenye namba za toleo, libadilishe liwe hivyo hivyo. Na Windows ndo mchawi hapa: inaficha mwisho wa jina, unaona umeandika `tar.default` kumbe lenyewe linaitwa `tar.default.tar`, AP inaomba, seva inasema hamna faili kama hilo, unakesha. Washa ile sehemu ya kuonyesha mwisho wa majina ya mafaili kwanza.

Jina likiwa sawa na bado haishushi, fayawoli ya Windows inazuia TFTP, izime kwa hizo dakika chache. Na wifi ya laptopu yenyewe izime pia, ibaki na waya tu. Ikianza kushusha utaona alama za mshangao zinajipanga, usiguse kitu, usichomoe, kama mtaani kwenu umeme unacheza subiri utulie ndo uanze.

Taa inawaka ila redio hazitaki kupanda

Angalia logi kwanza:

```
show logging | include POWER
```

Ukikuta `%CDP_PD-2-POWER_LOW: All radios disabled` umemaliza kutafuta. AP imepata umeme wa kuwasha ubongo, redio imezizima yenyewe kwa makusudi. Sababu ya kwanza kwa huku kwetu ni injekta, kile kiboksi cha kupitisha umeme kwenye waya wa neti. Hizi AP zinataka PoE (umeme ndani ya waya wa neti) ya kweli ya 802.3af, ya volti 48 na wati 15.4 kutoka kwenye swichi, zile injekta nyeupe za volti 24 zinazokuja na redio za kurusha intaneti juu ya mnara hazifai hata uombe dua. Sababu ya pili ni waya: kuna boksi za neti zinauzwa rahisi, ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mita 10 inafanya kazi, ukivuta mita 60 hadi nyumba ya nyuma umeme unafika umechoka. Jaribu AP ile ile kwa waya mfupi pembeni ya injekta, ikipona, waya ndo mgonjwa.

Ya tatu, swichi sio ya Cisco au ni ya zamani, inatoa umeme wa kutosha ila haijui kuongea na AP kuhusu wati ngapi. Hapo andika `power inline negotiation ?` ndani ya `configure terminal`, itakuonyesha machaguo iliyonayo toleo lako, kwa swichi za zamani ni `power inline negotiation prestandard source`. Fanya hivyo ukiwa na uhakika umeme unatosha kweli, mana unaiambia AP iamini. 3700 kwenye wati 15.4 itafanya kazi lakini inapunguza antena kutoka 4x4 kuwa 3x3, kwa gesti hamna atakayejua.

Jina la wifi halionekani kabisa

```
show ip interface brief
```

Tazama mstari wa Dot11Radio0 (hiyo ni 2.4) na Dot11Radio1 (hiyo ni 5). Ukiona `administratively down`, redio imezimwa, na ndivyo zinavyotoka kiwandani, kwa hiyo usishangae. Ukiona `reset`, umeiwasha ila haina jina la mtandao la kutangaza, redio haiwezi kupanda bila SSID, yaani hilo jina. Seti nzima ya mtandao mmoja wa wageni ni hii, ikikushinda linganisha mstari kwa mstari na yako:

```
configure terminal
dot11 ssid WAGENI
 authentication open
 authentication key-management wpa version 2
 wpa-psk ascii 0 pwezaWaNazi
 guest-mode
exit
interface Dot11Radio0
 encryption mode ciphers aes-ccm
 ssid WAGENI
 station-role root
 channel 2437
 no shutdown
end
write memory
```

Mpangilio una maana. Ukiweka `ssid WAGENI` kwenye redio kabla ya mstari wa encryption, AP italalamika kwamba saifa (njia ya kuficha data, huo mstari wa encryption) haijawekwa, watu wanadhani SSID ndo mbaya wanaifuta wanaanza upya, wanazunguka hapo hapo. Encryption kwanza, SSID baadae.

`guest-mode` jina lake linadanganya, halihusiani na wageni, linamaanisha tangaza jina. Ukilisahau mtandao upo na unafanya kazi ila simu hazilioni mpaka uandike jina kwa mkono. Na AP inakubali `guest-mode` moja tu kwa redio moja, kwa hiyo ukitaka majina mawili, moja la wageni moja la ofisi, yote yaonekane, unatumia `mbssid` kwenye interface ya redio na `mbssid guest-mode` kwenye kila SSID. Dalili ya kukosea hapa ni kwamba jina la pili likija la kwanza linapotea.

Jina linaonekana kwenye simu moja halionekani kwenye nyingine? Angalia chaneli. AP zenye -E kwenye modeli zinaruhusu chaneli 1 hadi 13, zenye -A za soko la Marekani zinaishia 11, na simu au laptopu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza isione kabisa 12 na 13. Kaa kwenye 1, 6 au 11 (2412, 2437, 2462) uishi kwa amani. Na kama kinachoonekana kwa wachache ni mtandao wa 5, simu nyingi za bei nafuu hazina redio ya 5, hapo hamna cha kutengeneza.

Inaonekana, ila pasiwedi inakataa

Ukiwa kwenye telnet au SSH (umeingia kwa mtandao, sio kwa waya wa konsoli) andika `terminal monitor` kwanza, bila hiyo logi hazikufikii, kwenye konsoli zinakuja zenyewe. Halafu mwambie mtu ajaribu kuunga simu we unaangalia. Ikiingia utaona `%DOT11-6-ASSOC` na mbele yake `KEY_MGMT[WPAv2 PSK]`. Ikikataliwa utaona `%DOT11-7-AUTH_FAILED` na namba ya MAC ya simu (namba ya utambulisho ya redio yake).

Kuna pasiwedi zinakataa hata kama mwenyewe anaapa ameiandika sawa. Pasiwedi lazima iwe herufi 8 hadi 63. Kama imekopiwa kutoka WhatsApp ikapestiwa kwenye konsoli, inaweza kubeba nafasi tupu mwishoni usiyoiona, iandike kwa mkono. Kama ina alama ya kuuliza, ukibonyeza ? AP inadhani unaomba msaada, inakuonyesha machaguo na alama yenyewe haiingii, hapo lazima ubonyeze Ctrl+V ndo ufuate na ?. Mimi nawaambia wateja wasitumie alama ya kuuliza kabisa, yanini. Na ukiandika `wpa-psk ascii 7` badala ya 0, AP inachukulia kinachofuata kimeshafichwa, wala sio pasiwedi yenyewe.

Ukiona simu zingine zote zinaingia, ni moja tu inayokataliwa, na AP ni ya mtumba, piga `show running-config | include mac-list`. Mwenye wa zamani anaweza kuwa aliacha orodha ya kuchuja MAC. Hata ukiitengeneza mwenyewe orodha hiyo siishauri, kuanzia Android 10 na iOS 14 simu zinajitungia MAC ya bandia kwa kila mtandao, utakuwa unaongeza namba kila wiki.

Inasoma full, haifungui

Hapa ndo simu inakaa kwenye "inapata anwani ya IP" mpaka inachoka, au laptopu inajipa 169.254 na kitu fulani. Angalia AP inamuonaje mteja:

```
show dot11 associations

MAC Address    IP address      Device        Name     Parent     State
a4b1.c2d3.e4f5 0.0.0.0         unknown       -        self       Assoc
```

Soma huo mstari taratibu. `Assoc` maana yake redio na pasiwedi vimemaliza kazi yake, havidaiwi. `0.0.0.0` maana yake mteja hajapata IP. Kwa hiyo AP imefungua mlango na aliyeingia hajapewa chumba, na wa kugawa vyumba ni DHCP, ambayo kwa kawaida iko kwenye rauta. Usirudi kugusa SSID, umeshavuka huko.

Chomeka laptopu kwa waya kwenye tundu lile lile la swichi AP ilipokuwa. Na yenyewe haipati IP? AP haina kosa, nenda kwenye rauta. Kwenye gesti sababu inayojirudia ni DHCP imeishiwa namba: rauta imepewa namba 50 za kugawa, kila simu inashikilia yake masaa 24 hata mgeni akishaondoka asubuhi na basi la Dar, jioni wanakuja wengine na harusi juu, namba hamna. Punguza muda wa kushikilia uwe masaa mawili na panua fungu. Sababu nyingine ni DHCP mbili kwenye nyumba moja, mtu kaleta rauta yake kutoka nyumbani kachomeka "iongeze wifi", nusu ya simu zinapata 192.168.1 na nusu 192.168.0, zinazopata ya pili hazifungui. Tafuta rauta hiyo, zima DHCP yake au itoe.

Laptopu kwa waya inapata vizuri? Basi shida iko kati ya redio na waya ndani ya AP, na kama umetumia VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa yenye namba) ndo kwenyewe. VLAN moja inatakiwa ionekane sehemu nne na namba ile ile: kwenye SSID (`vlan 20`), kwenye encryption (`encryption vlan 20 mode ciphers aes-ccm`), kwenye redio, na kwenye waya:

```
interface Dot11Radio0.20
 encapsulation dot1Q 20
 bridge-group 20
interface GigabitEthernet0.20
 encapsulation dot1Q 20
 bridge-group 20
```

Bridge-group (namba inayounga redio na waya ndani ya AP) ya redio na ya waya zisipofanana, mteja anaishia hapo. Bridge-group mwisho wake 255, kwa hiyo VLAN 300 ipe bridge-group namba nyingine ndogo, ila pande zote mbili. Halafu swichi: tundu lazima liwe tranki (linalobeba VLAN nyingi) na VLAN 20 iruhusiwe, na VLAN ya asili iwe moja pande zote mbili. Wengi wanatengeneza AP kwa masaa kumbe tundu la swichi bado ni la akses, la VLAN moja tu.

Mteja ana IP nzuri ila hafungui kitu? Ping geitiwei (IP ya rauta) kutoka kwenye simu au laptopu. Ikijibu, AP imetoka kwenye kesi, uliza kama bando la intaneti limelipiwa. Nasema kweli, anza na hilo kabla hujapanda ngazi.

Kuna moja la stesheneri: mteja anafungua intaneti vizuri, ila simu yake haiioni printa iliyo kwenye wifi hiyo hiyo. Tafuta `port-protected` kwenye `show running-config`. Inazuia vifaa vya wifi kuonana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa gesti ni nzuri sana iache, kwa stesheneri itoe, au printa uichomeke kwa waya, ambayo mimi ndo naipenda zaidi mana printa ikiwa na waya haisumbui tena.

AP yenyewe haijibu ping

Fupi hii. IP ya AP inakaa kwenye BVI1 (interface ya ndani inayounganisha redio na waya), sio kwenye GigabitEthernet0 wala kwenye redio.

```
interface BVI1
 ip address 192.168.1.250 255.255.255.0
exit
ip default-gateway 192.168.1.1
```

Wateja wataendelea kutumia wifi hata BVI1 ikiwa haina IP, kwa hiyo usiichanganye shida hii na ile ya juu.

Inafanya kazi ila pole pole

Ukiona laptopu zote zinaunga kwa 54 na hazivuki, na AP ni ya 802.11n, mtu kaweka TKIP, njia ya zamani ya kuficha data. Kasi za n hazifanyi kazi na TKIP wala WEP, ni AES au mtandao wazi. Toa tkip, bakiza aes-ccm, na usizime WMM (mpangilio wa kupanga foleni za data kwenye wifi).

Kama kasi inabadilika badilika, omba takwimu za mteja anayelalamika: `show dot11 associations all-client`, soma Signal Strength. Karibu na -60 dBm ni nzuri, ikifika -80 usitegemee miujiza. Kumbuka hiyo ni jinsi AP inavyoisikia simu. Simu inaweza kuonyesha mistari yote mana AP ina nguvu, ila simu yenyewe sauti yake ndogo haifiki kurudi, hasa kwenye zile nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe. Kuongeza nguvu za AP hapo hakusaidii kitu, unasogeza AP au unaongeza ya pili. Na usiifunge juu ya dari chini ya bati ukitegemea nyumba ya jirani ipate, bati halipitishi.

Msongamano wa chaneli unaupima hivi:

```
dot11 dot11Radio 0 carrier busy
```

Inakupa asilimia ya shughuli kwa kila chaneli, ila inawatoa wateja wote kwa sekunde chache, kwa hiyo usiifanye watu wakiwa wanaangalia mpira.

Mtandao wa 5 unachelewa kuwaka, au unapotea ghafla

Ukiona kwenye logi `DFS_SCAN_START` na sekunde 60, AP inasikiliza kama kuna rada kabla ya kurusha, ni sheria ya chaneli 52 kwenda juu hadi 140. Ukiona `DFS_TRIGGERED` imesikia kitu inachodhani ni rada, imehama. Huku Tanga utasikia watu wanasema ni meli za bandarini. Hapana, rada za meli ziko kwenye masafa ya gigahezi 3 na 9, mbali na 5, waacheni mabaharia. Dawa ni kuihamisha kwenye chaneli isiyo na sheria hiyo: `interface Dot11Radio1` halafu `channel 5180`, yaani chaneli 36.

Umeme ukikatika kila kitu kinafutika

Hujasevu. `write memory`. Kama ulisevu na bado inafutika, `dir flash:` uone kama imejaa, mafaili ya programu ya zamani yanakula nafasi. Tarehe kwenye logi kurudi 1 Machi 1993 kila ikiwaka ni kawaida, haina betri ya saa, ipe `sntp server` na IP ya seva ya muda.

SSH ya laptopu mpya inaigomea

`no matching key exchange method found`. Laptopu yako imekataa hesabu za zamani za AP. Ilazimishe kwa hiyo AP tu, usibadilishe kwa zote:

```
ssh -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -c aes128-cbc Cisco@192.168.1.250
```

Na kama unaibadilisha kutoka mbali, kabla hujagusa redio au BVI1 andika `reload in 10`. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 inajiwasha upya na seti ya zamani uliyosevu. Mambo yakienda sawa, `reload cancel`, ndo usevu.

Bado imegoma na unataka kuwauliza mafundi kwenye grupu? Tuma `show version`, `show ip interface brief`, `show logging` na `show running-config`, sio picha ya taa. Futa mistari ya `wpa-psk` na `username` kabla ya kutuma, hata ukiona pasiwedi imeandikwa kwa namba 7 mbele na herufi zisizosomeka, hiyo ya 7 inafunguliwa na mtoto wa fomu two akiwa na simu.